Mapambo ya Krismasi ya Kukunja kwa Karatasi: Nyota, Mti na Kisanduku cha Zawadi

Karatasi moja ya A4, ile ile inayowekwa kwenye mashine ya fotokopi, inatosha kutoa nyota ya dirishani yenye upana wa takribani sentimita 20, au mti mdogo wa mezani wenye ngazi nne za matawi. Ukiongeza karatasi ya pili, unapata kisanduku chenye kifuniko cha kumtilia mgeni kashata au visheti. Huhitaji karatasi maalumu iliyoagizwa kutoka Japani, wala huhitaji kipaji cha kuchora. Unachohitaji ni mraba uliokatwa sawasawa, mikunjo iliyokazwa vizuri, na saa moja au mbili za utulivu, ikiwezekana mapema katika majuma ya Majilio, kabla pilikapilika za mkesha hazijaanza.

Sanaa hii hujulikana duniani kwa jina lake la Kijapani, origami, lililoundwa kwa maneno mawili: ori, yaani kukunja, na kami, yaani karatasi. Washikilia mapokeo hukunja karatasi moja tu, bila kukata na bila gundi. Mimi sikufuata sharti hilo katika mwongozo huu, kwa kuwa pambo la sikukuu hutundikwa, hushikwa na watoto na hupigwa na upepo wa feni kwa majuma kadhaa, na kwa hiyo tone la gundi mahali panapostahili ni jambo la busara.

Karatasi ya kutumia

Karatasi za rangi za A4 zenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba ndizo ninazopendekeza kwa anayeanza. Zinapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya shule na ofisi, na muuzaji mara nyingi yuko tayari kukuhesabia chache bila kukulazimisha kununua rimu nzima. Chagua nyekundu, kijani na manjano, uongeze nyeupe chache. Manila haifai kwa kazi hizi, kwa sababu ni nene, na mkunjo wake hupasuka juu na kuonyesha weupe wa ndani. Karatasi ya kufungia zawadi inafaa ikiwa ni karatasi kweli. Ile yenye utando wa plastiki huteleza, haishiki gundi, na mkunjo wake hujifungua wenyewe. Kurasa za kalenda ya mwaka unaokwisha zinafaa kwa kisanduku, kwani ni ngumu kidogo na upande mmoja huwa na picha nzuri.

Kwa nyota inayobandikwa kwenye kioo, tafuta karatasi nyembamba za rangi zinazopitisha mwanga. Ni laini na huraruka upesi, kwa hiyo jifunze kwanza kwa karatasi ya kawaida.

Zaidi ya karatasi, andaa rula, penseli iliyochongwa, mkasi mkali, gundi ya kijiti, sindano na uzi wa kushonea. Gundi ya kijiti ni bora kuliko gundi nyeupe ya maji, ambayo huilowesha karatasi na kuiacha na makunyanzi inapokauka.

Kupata mraba

Karibu kila kazi ya origami huanzia kwenye mraba, na A4 ni mstatili wa sentimita 21 kwa 29.7. Chukua pembe moja ya chini, uipeleke upande wa pili mpaka ukingo mfupi wa karatasi ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu. Utaona pembetatu kubwa na, juu yake, ukanda ambao haukufunikwa. Kata ukanda huo kwa kufuata ukingo wa pembetatu, kisha kunjua. Hapo una mraba wa sentimita 21 na ukanda wa sentimita 8.7 kwa 21. Usiutupe ukanda huo; nitauhitaji baadaye.

Hakikisha mraba wako ni mraba kweli kabla ya kuendelea. Ukunje kwa ulalo mmoja, utazame kingo. Kisha ukunje kwa ulalo wa pili, utazame tena. Kingo zikipishana hata kwa milimita mbili, punguza pale palipozidi. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoamua kama pambo litapendeza au la.

Namna ya kukunja

Kuna mikunjo miwili tu ya kujua. Ukikunja karatasi kuelekea kwako, ikabaki na shimo kama bonde, huo ni mkunjo wa bonde. Ukiikunja kwenda nyuma, ikabaki na mgongo ulioinuka, huo ni mkunjo wa mlima. Bonde ukiligeuza huwa mlima, ndiyo maana katika maelezo yangu utaona mara kwa mara nasema geuza karatasi kisha kunja, badala ya kukutaka ukunje kwenda nyuma hewani. Alama za mistari na mishale zinazoonyesha mabonde na milima hii katika vitabu vya origami vya leo zilitokana na mfumo wa Mjapani Yoshizawa Akira, aliyeishi kati ya 1911 na 2005, na ukizizoea utaweza kufuata michoro ya kitabu kilichoandikwa kwa lugha usiyoijua kabisa.

Kunja juu ya meza ngumu. Si juu ya goti, si juu ya godoro. Linganisha kingo kwanza, ushikilie kwa kidole kimoja, kisha anza kukaza katikati ya mkunjo ukielekea nje kwa pande zote mbili. Baada ya hapo pitisha ukucha wa kidole gumba, au mgongo wa kijiko, kwa nguvu, mara moja tu kila upande. Mkunjo uliokazwa vizuri huonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Mkunjo uliobembelezwa huonekana kama bomba.

Mwaka juzi nilikaa na watoto wa Shule ya Jumapili katika ukumbi wa kanisa letu tukitengeneza nyota. Mvulana mmoja wa miaka kama tisa alikunja vipande vyake vinane haraka kuliko wenzake wote, akaanza kuvigandisha, na alipofika cha nane akakuta pengo linaloweza kupitisha kidole. Aliamini kwamba amekosea hesabu, na akaomba kipande cha tisa. Tulivitandaza vipande vyake mezani tukavitazama kimoja kimoja. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini katika kila kipande ukingo ulikuwa umeishia milimita moja au mbili kabla ya mstari wa katikati, na kosa hilo dogo lilikuwa limejirudia mara nane. Alivikunjua, akavikunja upya polepole akikaza kwa mgongo wa kijiko, na nyota ikafunga. Tangu siku hiyo mimi huanza kila somo kwa kukaza mikunjo, kabla hata ya kutaja jina la pambo tunalotengeneza.

Nyota yenye ncha nane

Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko mengine, na ndilo ningependa uanze nalo. Ni rahisi, lina ulinganifu unaomshangaza anayelitazama, na halidai chochote zaidi ya mkunjo mmoja unaorudiwa. Nyota za namna hii hubandikwa sana kwenye madirisha ya nyumba na shule za Ujerumani majira ya Krismasi. Huko Friedrich Froebel, mwalimu aliyeanzisha shule za chekechea mnamo mwaka 1837, aliingiza ukunjaji wa karatasi katika mafunzo ya watoto wadogo.

1. Chukua karatasi moja ya A4 uipime miraba ya sentimita 7. Upande mfupi utatoa miraba mitatu kamili, na upande mrefu utatoa minne ukibakiza ukanda wa sentimita 1.7. Jumla utapata miraba 12. Chagua minane iliyokatwa vizuri zaidi, na hiyo minne iliyobaki uitumie kwa kujaribia.

2. Kunja kila mraba kwa ulalo mmoja, kaza, kisha kunjua. Ukitumia karatasi yenye rangi upande mmoja, rangi iwe chini.

3. Uweke mraba mbele yako ukiwa umesimama kwa pembe, mstari wa ulalo ukitoka kwako kwenda mbele. Chukua kingo mbili zinazokutana kwenye pembe ya mbali, moja baada ya nyingine, uzilete zilale juu ya mstari wa ulalo bila kuuvuka. Umbo litakalotokea linafanana na kishada cha watoto: upande wa mbali una ncha ndefu nyembamba, na upande wa karibu nawe una pembe pana ambayo haikuguswa.

4. Tia gundi kidogo sana chini ya mapindo yote mawili ili yasifunguke. Fanya hivyo kwa vipande vyote vinane, kisha vipange kimoja juu ya kingine na uvitazame kwa ubavu. Kilichozidi au kupungua kitajionyesha chenyewe, na huu ndio wakati wa kukirekebisha.

5. Laza kipande cha kwanza mapindo yakiwa juu, ncha nyembamba ikitazama mbali nawe. Paka gundi nusu ya kulia ya sehemu pana. Chukua kipande cha pili, pembe yake pana uiweke juu kabisa ya pembe pana ya cha kwanza, na ukingo wake mfupi wa kushoto uulaze juu ya mstari wa katikati wa kipande cha kwanza. Bonyeza.

6. Endelea hivyo hivyo ukizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kila kipande kipya kinafunika nusu ya kilichotangulia, na pembe pana zote zinakutana mahali pamoja, ambapo ndipo kitovu cha nyota.

7. Kipande cha nane kina kazi mbili. Nusu yake ya kushoto inalala juu ya kipande cha saba kama kawaida, lakini nusu yake ya kulia ipenyezwe chini ya kipande cha kwanza. Kwa hiyo usigandishe upande wa kushoto wa kipande cha kwanza mahali popote mpaka ufike hapa.

Sababu ya nyota kufunga bila kupima pembe ni rahisi. Pembe pana ya kila kipande ni ile pembe ya mraba ambayo hukuikunja, yaani nyuzi 90. Kila kipande kinasogea kwa nusu yake, nyuzi 45. Na 45 mara nane ni 360, mzunguko kamili. Mweleze jambo hili mtoto anayesoma jometri, naye atalishika kwa vidole vyake kabla ya kulishika kwa daftari. Pia utajua ukubwa wa nyota kabla ya kuanza, kwa kuwa upana wake ni karibu mara 2.8 ya upande wa mraba mmoja. Miraba ya sentimita 7 inatoa nyota ya karibu sentimita 20. Miraba ya sentimita 10.5, ambayo A4 moja hutoa minne, inatoa nyota ya karibu sentimita 30, na hiyo inatosha kuwekwa juu ya pango la Noeli.

Rangi mbili zikipishana, tuseme nyekundu nne na manjano nne, zinapendeza sana. Hata hivyo nyota ya rangi moja, iliyokunjwa kwa karatasi nyembamba na kubandikwa kioo kinachopata jua la asubuhi, ina uzuri ambao rangi nyingi huuficha: pale vipande vinapopishana rangi hukolea, na ndani ya nyota kubwa huonekana nyingine ndogo.

Wasomaji wa Rungwe, Mbeya na Tabora watakumbuka hapa nyota ya Kimoravian, ile yenye miiba mingi inayowashwa taa ndani. Nayo ilianzia darasani. Katika karne ya 19, katika shule ya Wamoravian mjini Niesky, Ujerumani, ilitumika kufundishia jometri, na desturi ni kuitundika kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Utengenezaji wake ni mrefu na hautoshi katika mwongozo huu, lakini aliyezoea kukunja nyota ya ncha nane hatauogopa.

Mti wa mezani

Mti huu unajengwa kwa umbo moja la msingi lililorudiwa kwa ukubwa tofauti. Miraba inayotakiwa ni minne, ya sentimita 15, 12, 9 na 6, na yote inatoka katika A4 moja ya kijani. Pima mraba wa 15 kwenye pembe ya juu, na kando yake, katika upana wa sentimita 6 uliobaki, pima mraba wa 6. Chini yake pima mraba wa 12, na kando ya huo mraba wa 9. Tafuta pia kijiti cha mshikaki na kizibo kikubwa cha chupa.

1. Weka mraba rangi ikiwa chini. Kunja ulalo wa kwanza, kunjua. Kunja ulalo wa pili, kunjua. Sasa kuna msalaba wa mikunjo kutoka pembe hadi pembe.

2. Geuza karatasi, rangi iwe juu. Kunja katikati mara moja, ukingo wa mbali uje juu ya ukingo wa karibu nawe, kaza, kisha kunjua. Usikunje katikati kwa upande wa pili.

3. Rangi ikiwa bado juu, sukuma kitovu kwa kidole kutoka chini, nacho kitainuka kama paa la kibanda. Shika ncha mbili za mkunjo wa katikati, kushoto na kulia, uzilete chini na ndani mpaka zikutane chini ya kitovu. Karatasi itajifunga yenyewe na kuwa pembetatu yenye mabawa mawili kila upande. Ilaze, ukaze kingo zake zote.

4. Fungua mabawa manne yasimame kama msalaba ukiyatazama kutoka juu. Hiyo ni ngazi moja ya matawi. Rudia kwa miraba mingine.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi mara ya kwanza. Karatasi ikikataa kujifunga, basi karibu kila mara umekunja mikunjo yote upande mmoja, yaani ulisahau kugeuza katika hatua ya pili. Suluhisho si kuilazimisha. Geuza mkunjo wa katikati peke yake, ukaze upya, kisha jaribu tena.

Kwa kuunganisha, kata kilele cha kila ngazi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, upitishe kijiti cha mshikaki. Anza na ngazi kubwa, uiache sentimita 3 kutoka chini ili shina lionekane. Kilele cha ngazi ya pili kiwe sentimita 3 juu ya kilele cha kwanza, cha tatu sentimita 2.5 juu ya hapo, na cha nne sentimita 2. Tia gundi kila kilele kinapogusa kijiti, na zungusha kila ngazi kidogo ili mabawa yake yaangukie katikati ya mabawa ya ngazi iliyo chini. Kijiti kilichozidi juu ukikate, na kama ulijizoeza nyota, kunja moja ndogo kwa miraba ya sentimita 2 uibandike hapo. Jaza kizibo udongo wa mfinyanzi au nta iliyolainishwa, simika mti, uache mpaka ukauke.

Kwa anayetaka kuona kazi hii inaweza kufika wapi, jumba la makumbusho la American Museum of Natural History mjini New York husimamisha kila msimu wa sikukuu mti mkubwa wa Krismasi uliojaa wanyama, wadudu na mijusi ya kale, wote wamekunjwa kwa karatasi na watu wa kujitolea.

Kisanduku cha zawadi

Kisanduku hiki Wajapani hukiita masu, kwa kuwa umbo lake ni la kile kibaba cha mbao walichopimia mchele. Mraba wa sentimita 21 hutoa kisanduku chenye kitako cha karibu sentimita 7.4 na kimo cha sentimita 3.7.

Weka mraba rangi ikiwa chini. Ukunje katikati kwa njia zote mbili na kwa lalo zote mbili, ukikunjua kila mara, mpaka uone mistari minane ikitoka kwenye kitovu kama miale. Leta pembe zote nne kwenye kitovu, nawe utapata mraba mdogo zaidi. Kunja ukingo wake wa kulia na wa kushoto ufike kwenye kitovu, kaza kwa nguvu, kunjua. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa juu na wa chini. Sasa fungua kabisa pindo la juu na la chini, ukiacha ya kulia na kushoto yakiwa yamekunjwa, kisha simamisha pande hizo mbili ziwe kuta.

Kilichobaki ni kuta mbili za mwisho, na hapa twende polepole. Inua sehemu ya juu iliyochongoka, na wakati unaiinua sukuma kwa vidole gumba zile pembe mbili za kuta zilizokwisha kusimama, ziingie ndani. Mkunjo wa kwanza kabisa ulioufanya, ule wa katikati, unapita hapo hapo na utakuelekeza. Ncha ikishapita juu ya ukuta, iteremshe ndani na uilaze kwenye kitako, ikutane na nyingine katikati. Rudia upande wa pili. Kisanduku kitajishikilia bila gundi, ingawa tone moja chini ya zile ncha nne zinazokutana linasaidia.

Kifuniko hutengenezwa vivyo hivyo. Mraba wa kitako upunguze uwe wa sentimita 20.5 na wa kifuniko ubaki 21. Tofauti hiyo ya nusu sentimita inatosha kukiwezesha kifuniko kuingia bila kubana. Kashata na visheti vifungwe kwanza kwa karatasi ya mafuta, la sivyo kisanduku kitatota.

Kanda zilizobaki

Kila mraba mkubwa umekuachia ukanda wa sentimita 8.7 kwa 21. Ukunje mlima na bonde kwa zamu, kila pindo sentimita 1, kwa urefu wote, kama watoto wanavyokunja karatasi ya daftari kujipepea. Funga uzi katikati, ufungue pande zote mbili kama kipepeo cha mkono, na ugandishe kingo zinazokutana. Utapata duara lenye miale, upana wa sentimita 8.7. Maduara kumi kwenye uzi mmoja yanapamba mlango mzima. Kanda hizo zikikatwa vipande vyembamba zinafaa pia kwa minyororo ya pete, ambayo naamini kila msomaji aliwahi kuitengeneza shuleni.

Kutundika, na hatari ya moto

Nyota ya miraba minane ya sentimita 7 ina uzito wa gramu 3 hivi tu. Huo ni wepesi unaofaa sana kwa miti yetu. Tawi la mvinje, ambao watu wengi wa pwani huutumia kwa Krismasi, ni laini na huinama likibebeshwa tufe zito, lakini litabeba nyota kumi bila kushuka. Toboa kwa sindano karibu na ncha moja, milimita 5 kutoka ukingoni, pitisha uzi, ufunge kitanzi cha sentimita 10. Ukitoboa karibu zaidi na ukingo karatasi itararuka.

Mishumaa isiwekwe kabisa karibu na mapambo haya, hata kwa dakika chache za picha. Taa ndogo za rangi ziwe za LED, ambazo hazipati joto kali kama balbu za waya wa zamani, na zizimwe kabla ya watu kulala. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu mti mkavu uliojaa karatasi huwaka kwa kasi ambayo ndoo ya maji haiwezi kuifikia.

Unyevu ni adui wa pili. Mwaka mmoja nilitundika nyota kumi na mbili barazani jioni, mvua ikanyesha usiku, na ingawa hakuna tone lililozigusa, asubuhi zilikuwa zimelegea kama majani ya mchicha uliochumwa jana. Nilizilaza kati ya kurasa za kitabu kizito kwa siku mbili zikarudi kunyooka, lakini mikunjo haikuwa na makali yake ya mwanzo. Weka basi mapambo ndani, mbali na dirisha lisilo na kioo na mbali na jiko.

Epifania ikishapita, mapambo yanaweza kuhifadhiwa hadi mwaka ujao. Nyota hulazwa moja juu ya nyingine ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana, karatasi nyeupe ikitenganisha kila moja. Visanduku hufunguliwa na kulazwa bapa, kwa kuwa mikunjo yake itakumbuka njia. Tia ndani vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na kama uligandisha kwa uji wa ngano badala ya gundi ya dukani, kagua kopo kila mwezi, maana mende huifuata gundi hiyo na huanza kuila kwenye kitovu cha nyota, pale vipande vyote vinane vinapokutana.